Hawana Maji

Mwaka huu divai haikutupungukia.
Kiwanda kilisema matangi yamejaa, tungoje,
tukangoja hadi zabibu zikanuka shambani
na nyuki wakawatangulia wanunuzi.
Tukazikamua wenyewe, kwa miguu na kwa hasira,
tukajaza madumu, mapipa,
hata beseni la kuogeshea wajukuu.

Basi Nyemo, kitinda mimba wangu,
alipomwoa Eusebia wa Haubi,
Bihawana nzima ilikunywa.
Kilichokosekana ni maji.

Pampu ya kisima imelala tangu Julai.
Wanawake huamka saa nane za usiku,
hufukua mchanga wa korongo kwa vidole,
hungoja shimo litoe jasho.
Fedha za pampu zilichangwa, nyumba kwa nyumba,
hata wajane walitoa.
Mweka hazina wa kamati ni Gaudensi Chilewa.
Mume wangu.

Kwenye misa ya ndoa padre alimimina divai katika kalisi,
akanyoosha mkono apewe maji.
Mtumishi, kijana wa Mchiwa, alikiinamisha kichupa,
akakitikisa,
akakitikisa tena.
Likadondoka tone moja.

Divai ni Yeye, maji ni sisi:
ndivyo katekista alivyotufundisha tukiwa wadogo.
Tone likishaingia, nani atalitoa tena?
Miaka arobaini nimelitazama tone hilo likizama
nikafurahi kwamba Mungu hadai ndoo.
Siku ile niliwaza jingine:
tone hili limetoka korongoni,
Mchiwa amelibeba kichwani, mgongoni ana mtoto,
na fisi wanamcheka ng'ambo.
Ubinadamu tuliomtolea Bwana pale altareni
tulikuwa tumeuazima kwa Mchiwa
bila kumwambia.

Mahesabu ya nyumba yangu nayajua.
Zabibu hazikuuzwa.
Turubai limekuja, spika zimekuja, ng'ombe wawili,
suti ya Gaudensi rangi ya majivu, lebo bado kwenye mkono.
Sikuuliza.
Kutouliza nako ni kutia sahihi;
niliitia kila asubuhi nikikoroga uji wa uwele.

Pale karamuni, bibi mmoja alikosa maji ya kunawa.
Wakammiminia divai mikononi.
Watu wakacheka, mshereheshaji akasema mengi kwenye kipaza sauti.
Bibi hakucheka. Alivitazama vidole vyake vyekundu
kama mtu aliyechinja asichokijua.

Ndipo nikainuka na kitenge changu cha WAWATA,
nikapita mbele ya keki, mbele ya diwani,
nikainama sikioni mwa Gaudensi.
Mama wa Yesu naye hakuhutubu, hakumnyoshea mtu kidole.
Alitaja tu kilichopungua.
"Hawana maji," nikasema.

Hakuniambia saa yake haijafika.
Alivitazama viatu vyake muda mrefu,
ngoma ikaisha, nyingine ikaanza.

Jumatatu alisimama mbele ya mkutano na daftari.
Alisoma mpaka mstari wa mwisho, sauti ikakatika kwenye suti.

Jumuiya imegawanyika juu yangu.
Wapo wasemao familia ni kanisa la nyumbani,
mke hatoi nje yaliyo ndani.
Nami nasema kanisa hilo lina mlango,
na mlangoni kuna watu wenye ndoo.
Sina hakika kama nimejibu vizuri.
Usiku mwingine kitanda kina baridi
nami namwomba Maria anieleze
alirudije nyumbani baada ya Kana,
walizungumza nini njiani.

Pampu bado. Suti imeuzwa, divai tunaiuza kwa hasara,
deni limeshuka hadi magotini.
Saa nane za usiku Gaudensi hushika dumu la njano
akawafuata wanawake korongoni.
Kule mbali taa za makao makuu zinawaka bila kupepesa.
Wiki ya kwanza walimgeuzia mgongo.
Wiki ya pili alichimba shimo lake peke yake.

Jana amerudi na mchanga kwenye nyusi,
akakaa kizingitini kabla ya kusema.
"Mchiwa," akasema, "ameniazima kata."